Nyasi Haziliwi, Mashine Inachemsha

Huku Houston ukinunua nyumba yenye uwanja, ujue umeajiriwa na nyasi. Ng'ombe hazili, paa haliezekwi nazo, sokoni haziuzwi. Kazi yake ni kuota, yako ni kukata. Zikizidi kimo, chama cha wenye nyumba wa mtaa kinakuletea barua yenye heshima zote, na faini mkiani.

Ndiyo maana nina lile trekta dogo la kukatia nyasi, lile la kupanda. Ndugu wakiona picha wanadhani nimeanza kilimo. Kilimo gani! Joto la Julai likipita nyuzi 35, sijamaliza hata nusu uwanja injini inakosa nguvu, inanuka oili iliyoungua, kisha inazima kimya. Hapo ndipo kila mtu anageuka fundi. Shemeji yangu wa Moshi kanipigia:

"Shemeji, rejeta umeitia maji?"

"Haina rejeta."

"Haina rejeta! Halafu unashangaa inachemsha?"

Nyingi ya injini hizi hupozwa kwa upepo tu. Juu yake kuna feni inayovuta hewa kupitia wavu na kuipuliza kwenye mapezi ya silinda. Wazo zuri kabisa, kama mashine ingefanya kazi baharini. Inafanya kazi kwenye nyasi! Vipande vikavu vinaziba wavu, vinajishindilia kwenye mapezi, hewa haipiti. Fungua kifuniko ukute kiota kamili, bado kuku tu kutaga.

Jirani yangu mstaafu naye ana lake: "Punguza resi, injini ipumue." Mzee wa watu ana huruma, ila huruma yake inaua. Ukipunguza resi, feni nayo inalegea, joto linapanda, na visu vinakosa kasi vinaanza kutafuna. Mashine hizi zinakata kwa resi ya juu. Ukiionea huruma, punguza mwendo wa magurudumu, angalia oili, safisha mapezi.

Na visu je? Kisu butu hakikati, kinachana. Baada ya siku mbili tatu ncha zote za nyasi zimekuwa kahawia, na mtaa mzima unajua huna tupa. Kikigonga mzizi kikapinda, mashine inatetemeka mpaka meno yanagongana. Kilichopinda hakinyooshwi, toa pesa ununue kipya. Kilicho butu unakinoa, lakini kwanza chomoa waya wa plagi, kama vidole bado unavihitaji. Ukishanoa, kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati. Kikiinama kushoto, kushoto ni kuzito; piga tupa tena. Sasa kimeinama kulia. Tupa tena. Mke wangu anachungulia gereji: "Baba Neema, unacheza mizani?" Halafu angalia unavyokirudisha: mabawa yake yatazame juu. Kikikaa kichwa chini kitazunguka kwa bidii zote na nyasi zitabaki zimesimama wima.

Jumamosi iliyopita kila kitu kilikubali. Wavu safi, kisu kikali, resi juu, uwanja umenyooka mpaka jirani akapiga makofi. Nikaiacha mashine mbele ya nyumba ipoe, maana injini ya moto haiingizwi gereji. Jumatatu barua imefika: nyasi zako ni nzuri, tunakupongeza, ila vifaa vya bustani haviruhusiwi kuonekana kutoka barabarani. Faini imeambatanishwa.