Jengo Mmejenga, Njia Je?

Kwa Waheshimiwa wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, nakala kwa kila ofisi yenye mhuri juu ya Barabara ya Nyerere.

Nianze na pongezi, maana mnazistahili. Tangu Agosti 2019 Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere una Jengo la Tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Aliyebanana miaka yote ile katika Jengo la Pili, la mwaka 1984, hana budi kulisifu. Shida ni kwamba hesabu yenu ya milioni 6 inaanza kuwahesabu watu pale mizigo yao inapokaguliwa. Walifikaje hapo? Hiyo, inaelekea, ni siri kati yao na Mungu. Mmetupa nyumba yenye sebule ya marumaru ambayo wageni wake huingilia dirishani.

Kutoka katikati ya jiji hadi uwanjani ni kama kilomita 12. Ndege ya Zanzibar hukaa angani dakika 20 hivi, ilhali jioni ya siku ya kazi, mvua ikidondoka kidogo tu, hizo kilomita 12 zaweza kumeza saa nzima na chenji. Kwa mantiki hiyo napendekeza muanzishe safari za ndege kati ya Jengo la Tatu na Posta. Wakati tukiisubiri huduma hiyo, asiye na gari atashushwa na daladala ya Gongo la Mboto barabarani, nje ya uwanja, na kilichobaki ni miguu yake. Begi ambalo magurudumu yake yanateleza vizuri kwenye vigae vyenu huburutwa kwenye kokoto na mchanga. Akirudi mjini, konda humwambia mapema kwamba begi likikalia siti, nalo litalipa nauli. Mwenye haraka huchukua bodaboda, sanduku limelazwa juu ya tangi na dereva akichungulia njia kwa juu yake.

Msiseme fedha zilikosekana. Mwaka 2018 lilifunguliwa Daraja la Mfugale pale Tazara. Mwendokasi awamu ya tatu imechimbiwa njia yake kwenye Barabara ya Nyerere hiyohiyo kuelekea Gongo la Mboto. Mwaka 2024 ikaanza treni ya SGR, yenye uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Inatoka Stesheni, inapita jirani na uwanja, na kusimama kwa mara ya kwanza Pugu. Mtu wa Morogoro mwenye ndege ya usiku anachagua mwenyewe: ashuke Pugu arudi nyuma, au aende mjini ndipo arudi alikotoka. Johannesburg waliifikisha treni uwanjani mwaka 2010, na Casablanca mtu hushuka kwenye ndege akakuta stesheni hapohapo uwanjani. Kwetu kila ofisi imejenga kwa bidii hadi kwenye mpaka wake, ikaweka uzio. Kilichokosekana ni mita chache za kuunganisha, na mita hizo hazina ofisi.

Najua mtajibu kwamba msafiri wa kimataifa hapandi basi. Labda. Lakini uwanja haulishwi na wasafiri peke yao: kuna wafagiaji, wapishi, wabeba mizigo na maofisa wa forodha, wanaokwenda na kurudi kila siku bila hata begi la mkononi. Na mfanyabiashara wa Kariakoo anayerudi kutoka Guangzhou anajua thamani ya kila elfu kumi. Mtasema usalama. Ni hoja nzito, ila sielewi kwa nini gari dogo lenye mtu mmoja huruhusiwa hadi mlangoni kwa kulipia maegesho, huku basi la watu 30, lenye dereva na ratiba inayojulikana, ndilo lionekane tishio. Tukisema zipo teksi za mtandaoni, ni kweli zimesaidia sana. Ila bei yake hupanda mvua inaponyesha, na kila moja huongeza gari kwenye foleni ileile tunayoikimbia.

Hoja iliyonipa shida ni moja tu: kwamba barabara si kazi yenu. Kisheria mko sahihi. Ila kuitisha kikao hakuhitaji sheria mpya. Waiteni wenzenu wa mwendokasi, wa reli na wa leseni za usafirishaji, muwape chai, na msiwaruhusu kuondoka mpaka kipatikane kitu kimoja: basi dogo la kuzunguka kati ya Jengo la Tatu, Jengo la Pili, kituo cha mwendokasi na stesheni ya Pugu, nauli ikiwa imebandikwa mlangoni. Nashauri kikao kianze saa kumi na moja jioni, mjini, na wajumbe waje kwa daladala wakitokea uwanjani. Akidi isipotimia, mtakuwa mmepata ripoti ya utafiti bure.

Wenu mtiifu,
Abiria wa kituo cha barabarani