Majaji Watatu na Rula Moja

Jumatatu, 29 Aprili 2019

Shule zimefunguliwa. Darasani kuna mvulana mgeni aliyehamia kutoka Kwale. Anaishi Likoni kama mimi, kwa hivyo tunavuka feri pamoja. Leo aliniomba rula. Nilimpa rula, seti nzima ya jiometri, na kalamu ambayo hakuiomba. Akashukuru, akachukua rula tu.

Katika daftari hili nitamwita Rula, kwa kuwa mama husoma chochote kilichoandikwa kwa mkono, hata risiti za wateja wa watu wengine. Mambo mengine ya kuwekwa wazi mapema: nina miaka 17, ninapenda wavulana, na ninatafuta mapenzi ya kweli. Sentensi hiyo nimeiandika kwa penseli.

Alhamisi, 2 Mei

Tangu juzi nafanya mazoezi ya salamu mbele ya kile kioo ambacho wateja wa mama hujipimia nguo. Nilikuwa na "Vipi?", "Sasa?" na "Mambo?", zote tayari. Asubuhi kwenye feri Rula akageuka ghafla, akanitazama usoni. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia. Ni kijana mwenye adabu. Mzee aliyesimama kati yetu naye akaitikia, akanibariki, akasema watoto wa siku hizi hawasalimu, akataka kujua mimi ni wa ukoo gani. Nilimweleza ukoo wote, upande wa baba na wa mama, hadi tukafika ng'ambo. Rula alikuwa ameshapanda mwinuko na wengine.

Jumatano, 8 Mei

Jana usiku Liverpool waliifunga Barcelona manne kwa bila, baada ya kufungwa matatu kule Uhispania. Sikuitazama. Nililala. Leo Rula alikuja feri macho mekundu, kwa mpira na kwa daku, akanijia mwenyewe na kuniuliza, "Umemwona Origi?"

Nikamuuliza Origi anasoma shule gani.

Alicheka hadi akashika mlingoti. Alidhani ni mzaha. Sikumsahihisha. Akanieleza kwamba Origi alifunga mawili, na kwamba babake ni Mkenya, Mike Okoth, aliyewahi kuchezea Harambee Stars. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno, ikanijia tamaa. Nikatoa kashata mfukoni, nikamkaribisha.

Akasema kwa upole, "Nimefunga."

Nilijua ni Ramadhani. Mombasa nzima inajua ni Ramadhani. Mkono ulikuwa umeshanyooka na sikujua namna ya kuurudisha, basi nikaila mwenyewe, mbele yake na mbele ya nusu ya feri iliyokuwa imefunga. Kashata ya nazi huchukua muda mrefu kutafunika.

Ijumaa, 10 Mei

Redioni kuna kipindi cha mahaba cha usiku ambacho watu hutuma ujumbe na kupewa ushauri. Nilituma: "Kuna mtu ninampenda. Tunavuka feri moja. Nikimwona ulimi unakauka. Nifanye nini? Mwoga wa Likoni."

Usiku mama alikuwa kwenye cherehani, baba amerudi zamu ya bandarini, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji akausoma ujumbe wangu kwa sauti ya huruma, nyuma yake kikisikika kinanda. Akasema: "Mwoga wetu, msichana hampendi mwanamume anayetetemeka. Jikaze. Mnunulie dera."

Mimi nilikuwa nimeandika "mtu". Msichana aliletwa na mtangazaji.

Mama akasimamisha cherehani. "Maskini mtoto wa watu," akasema. "Asinunue dera dukani, atapunjwa. Aje kwangu nimshonee."

Baba akasema Likoni ina waoga wengi.

Jumatatu, 13 Mei

Kiswahili, vipindi viwili mfululizo. Tunasoma Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo inatahiniwa. Shule yetu ni ya wavulana, kwa hivyo nafasi za wanawake hupewa wale ambao sauti zao bado hazijaamua. Nilipewa Ashua. Mwalimu akatazama huku na huku kumtafuta Sudi, mumewe Ashua, akamchagua Rula.

Sikuweza kuinua macho kutoka kwenye kitabu. Mapenzi ya kweli yalikuwa yamenijia kwa amri ya mwalimu, na mihtasari ya Wizara ikiyaunga mkono.

Kumbe tumefungua mahali ambapo Ashua amechoshwa na umaskini na anamdai mumewe talaka. Niliidai kwa kunong'ona. Mwalimu akasema hasikii. Nikaidai tena. Akasema, "Kwa hasira! Huyu mwanamume amekushinda!" Mara ya tatu sauti yangu ilipasuka katikati ya neno na darasa zima likapiga meza.

Kengele ilipolia Rula alinipita, akasema, "Usijali. Nadhani ulikuwa na haki." Ndoa yetu haikufika hata saa sita mchana.

Jumapili, 19 Mei

Jana tulikwenda kujiandikisha Huduma Namba kwa chifu, mimi na mama. Ilikuwa siku ya mwisho, na Wakenya huijua siku ya mwisho tu. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Mbele yetu, watu kama kumi hivi, alikuwapo Rula na mamake. Mamake na mama yangu waligundua wanajuana kupitia kitambaa fulani. Wakaanza kuzungumza. Sisi tukasimama kando yao kama mizigo iliyosahauliwa kituoni.

Zamu yangu ilipofika mashine haikuzisoma alama za vidole vyangu. Karani akanipa kitambaa nijifute. Nikajifuta. Bado. Akaniambia vidole vyangu vimelowa kama vya mvuvi. Akauliza kama naogopa serikali. Nikasema hapana, ambalo lilikuwa jibu la kweli. Rula alikuwa ameketi kwenye benchi moja, ananitazama.

Kisha karani akasoma fomu kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia: "Umeoa?"

Mama akajibu kwa niaba yangu: "Huyu? Huyu hata salamu zinamshinda."

Vidole vilisomeka hatimaye. Leo nasikia muda umeongezwa hadi tarehe 25.

Jumatano, 22 Mei

Binyavanga Wainaina amefariki, jana usiku, Nairobi. Mwalimu wa Kiingereza alituambia tusimame kwa dakika moja. Akasema alikuwa mtu wa Nakuru, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 na kuanzisha jarida la Kwani?. Kisha akafunga kitabu.

Hakusema kwamba Januari 2014 mtu huyo aliandika waziwazi kwamba anapenda wanaume, akamwandikia mama yake aliyekuwa ameshakufa. Insha hiyo mimi niliisoma baadaye kwenye simu ya binamu yangu, chini ya shuka, mwangaza nimeupunguza hadi herufi zikawa za kubahatisha. Nilikuwa na miaka 14 na nilidhani simu hulia kengele mtu akisoma kitu kama hicho.

Wakati wa kusimama kimya nilipiga chafya.

Ijumaa, 24 Mei

Leo ilikuwa hukumu. Kesi iliwasilishwa Mahakama Kuu mwaka 2016, kutaka vifungu vya 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu, vinavyoadhibu mapenzi ya wanaume kwa wanaume, vifutwe. Cha kwanza kina miaka 14 gerezani, cha pili miaka mitano. Hukumu ilikuwa itolewe Februari 22, majaji wakasema kazi ni nyingi, wakaisogeza hadi leo. Naelewa. Mimi pia kuna mambo nilipanga kuyafanya Februari.

Jioni, kwenye matatu ya kurudi feri, makanga aliongeza sauti ya redio. Majaji wote watatu wamekubaliana: vifungu vibaki. Nilitazama nje. Ilinijia kwamba watu wazima watatu, wenye digrii na majoho, wamekuwa wakinijadili kwa miaka mitatu, na mimi katika muda huo sijafika hata kwenye "Mambo".

Mwanamume mmoja akasema safi kabisa. Mwingine akasema hayo ni ya Wazungu. Mama aliyekuwa na ndoo ya samaki akauliza majaji wamesemaje kuhusu bei ya unga. Hakuna aliyemjibu.

Rula alikuwa ameketi pembeni yangu, mkoba magotini. Akasema polepole, kama anayejisemea, "Lakini hawa watu wamemkosea nani?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

Sikuwa na mwendelezo. "Unga," nikasema. "Umepanda."

Akanitazama kwa muda. "Umepanda kweli," akasema.

Nimeyaandika mazungumzo haya neno kwa neno kwa sababu ndiyo marefu zaidi tuliyowahi kuwa nayo, ukiondoa yale ya talaka.

Jumapili, 26 Mei

Mchungaji aliwashukuru majaji. Mimi niko kwaya, safu ya tena, mbele kabisa. Wote waliitika "Amina" kwa pamoja. Yangu nilikuwa nimeizuia, ikanitoka baada ya wengine kumaliza, peke yake, kanisa zima limenyamaza. Mchungaji akasema anafurahi kuona vijana wanaguswa.

Jumanne, 28 Mei

Nimekuta rula mpya juu ya mto wangu. Ya mbao, sentimita 30, bado ina bei. Mama alikuwa mlangoni na pini mdomoni.

"Naona rula imekusumbua sana," akasema.

Basi amesoma. Sijui amesoma hadi wapi. Nilipobaki peke yangu nilifungua ukurasa wa kwanza. Sentensi ya penseli iko. Imefifia kidogo, lakini penseli hufifia. Pembeni yake hapakuandikwa kitu, na mama ni mtu ambaye huandika pembeni, hata kwenye gazeti.

Wakati wa chakula aliniuliza kama yule kijana wa Kwale anapenda pweza. Nikasema sijui. Akasema niulize. Baba akauliza kijana gani. Mama akamwambia ale.

Jumapili, 2 Juni

Jana ilikuwa Madaraka, na serikali imetangaza noti mpya. Noti za zamani za elfu moja mwisho wake ni Oktoba mosi. Baba, ambaye hana noti ya elfu, ameipokea habari hii kwa utulivu.

Usiku kulikuwa na fainali ya Ulaya kule Madrid, Liverpool na Tottenham. Rula aliniambia atakwenda kibandani kuitazama akitoka tarawehe. Nilijiandaa wiki nzima. Kwa kuwa Victor Wanyama anachezea Tottenham, nilidhani Mkenya yeyote lazima aishangilie Tottenham, nikakariri maisha ya Wanyama yote. Rula alifika na jezi nyekundu ya Liverpool. Mechi ilianza saa nne, na dakika ya pili tu Salah akafunga penalti. Maarifa yangu yote yakawa hayana soko.

Wanyama alikaa benchi mchezo mzima. Nilimwelewa.

Rula alikuwa ameniwekea kiti karibu naye. Kilikuwa karibu kupita kiasi, mabega yangegusana, basi nilikisogeza kwa heshima, kama futi mbili. Katika pengo hilo akaketi muuza mayai ya kuchemsha. Dakika ya 87 Origi akafunga la pili. Rula aliruka, akamkumbatia aliye karibu kwa nguvu zake zote, akamwinua kutoka chini. Muuza mayai alifurahi sana. Alitupa mayai mawili bila kulipa, na pilipili.

Tulipotoka Rula akasema, "Jumatatu ni mtihani wa hesabu. Twende pamoja?"

"Wapi?"

"Shule."

"Ah," nikasema. "Shule. Ndiyo. Huwa nakwenda."

Jumatatu, 3 Juni

Tulikubaliana saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye banda la kusubiria feri. Nilifika kabla ya saa kumi na mbili. Kwenye banda lile husimama maelfu ya watu na wote wana haraka, kwa hivyo anayesimama bila kuvuka hutiliwa shaka. Askari aliniuliza nangoja nini. Nikasema nangoja feri. Akanionyesha feri. Nikasema siyo hiyo.

Rula alikuja. Njia nzima alinifundisha logarithimu, sauti juu kwa sababu ya injini. Alichora jedwali mgongoni mwa daftari langu. Nilitikisa kichwa kila mahali palipostahili. Sikuelewa lolote, ila mtu asiyeelewa na mtu mwenye furaha hutikisa kichwa kwa namna ileile.

Alhamisi, 6 Juni

Jana Idi. Rula alinikaribisha kwao kwa biriani. Niliingia na kontena la pweza ambalo mama alinitwika bila kuniuliza. Nilimwambia mamake "Idi njema" bila kukosea. Nilikuwa nimekaa vizuri mkekani, natumia mkono wa kulia, kila kitu kinakwenda sawa. Mamake akanitazama kwa makini.

"Wewe ndiye yule wa kashata?" akauliza.

Kwa hiyo huwa ananizungumzia nyumbani.

Ijumaa, 7 Juni

Matokeo ya hesabu yametoka. Mimi nimepata 38. Rula, aliyenifundisha, amepata 41. Mwalimu amesema hali hii haiwezi kuendelea, ametuhamishia kwenye dawati moja hadi mwisho wa muhula ili tusaidiane. Mtihani mwingine ni tarehe 17, na hakuna kati yetu anayejua logarithimu.