Bega Lako, Sikio la Nani?

Mjomba anajibu shida zenu, zile anazoziweza na zile anazojifanya kuziweza.

*Shikamoo Mjomba! Nimeamua kuanza uwindaji. Nimetazama video mpaka mke wangu ametishia kurudi kwao. Swali langu ni moja: kwenye mdomo wa bunduki yangu ya .375 nifunge sailensa au breki ya kupunguza teke? Wenzangu wa klabu wamegawanyika nusu kwa nusu. – Mwindaji Mtarajiwa, Loresho.*

Marahaba, mpwa wangu. Kabla hatujafika mdomoni mwa bunduki, hebu tuulizane unamwinda nani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Ukiwa Loresho, mnyama pekee unayeweza kumvizia bila kuandamwa na askari wa wanyamapori wa KWS ni panya wa stoo, naye hahitaji .375. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki kilianzishwa katika hoteli ya Norfolk mwaka wa 1934, na kikavunjwa mwaka uleule wa marufuku. Leo ukienda pale Barabara ya Harry Thuku ukaulizia nyati, utaletewa menyu. Basi nachukulia kwamba unakusudia kuvuka Namanga uingie Tanzania, ambako uwindaji wa vibali bado upo chini ya TAWA, mamlaka yao ya wanyamapori, na kwamba unamtaka nyati kweli, maana .375 hainunuliwi kwa ajili ya swala. Hapo swali lako lina uzito. Jibu langu ni sailensa, na ukiikosa, nenda na mdomo mtupu. Breki iache nyumbani.

Vifaa hivi viwili hufungwa mahali pamoja na hushughulika na kitu kimoja, yaani gesi ya baruti inayotoka nyuma ya risasi. Breki ina matundu ubavuni. Gesi ikifika hapo hugeuzwa pembeni na kurudishwa nyuma kidogo, na katika kugeuzwa huivuta bunduki mbele, ndipo teke linapopungua, pengine kwa theluthi, pengine kwa karibu nusu. Gesi yenyewe haijaenda popote, imeelekezwa kwingine tu pamoja na mshindo wake. Sailensa ni mkebe wenye vyumba vyumba: gesi huingia, ikazunguka, ikapoa, ikatoka bila pupa. Teke hupungua hapo pia, ingawa si kama kwa breki, na mlio hushuka kwa desibeli 20 hadi 30 na ushei. Bunduki kubwa isiyo na kitu mdomoni hulia kwa desibeli zaidi ya 160, na breki huongeza nyingine kadhaa kwa walio karibu. Wataalamu wa masikio huweka 140 kuwa mpaka ambapo mshindo mmoja tu unaweza kumharibu mtu usikivu. Na desibeli hazihesabiwi kama viazi sokoni. Kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti imezidi mara kumi, kwa hiyo kushuka kutoka 165 hadi 135 ni kuipunguza nguvu hiyo mara elfu moja. Usitarajie mnong'ono wa sinema, lakini. Risasi ya .375 hukimbia zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti, na hupasua hewa kwa mlio wake wenyewe ambao hakuna mkebe unaoufikia.

Sasa tazama nani amesimama wapi, kwa sababu hapo ndipo video zako zilipokuficha jambo. Hakuna mgeni anayewinda nyati peke yake. Kuna mwindaji mwenye leseni ubavuni pako, na kuna mfuata nyayo ambaye mara nyingi ndiye aliyekusimikia zile fimbo tatu za kuegemeza bunduki na bado amezishika zisiyumbe. Wewe uko nyuma, kwenye kitako. Yeye yuko kando ya mtutu, usawa na yale matundu, na gesi uliyoikwepesha begani inamfikia usoni. Wewe utafyatua mara chache, upige picha, urudi Loresho. Yeye ana mgeni mwingine wiki ijayo, na mwingine tena, msimu mzima, kila mmoja na bega lake la kuhurumiwa. Vinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena, na mtu anayelipwa kusikia kijiti kikivunjika vichakani akipoteza usikivu amepoteza kazi. Ndiyo maana wawindaji wengi wa kulipwa barani humu huichukia breki, na baadhi yao humwomba mgeni aifungue kabla ya kutoka kambini. Gharama ya breki haipungui kwa sababu tu huilipi wewe.

Utaniambia kuna vifunika masikio. Vipo, na ukiwa kwenye uwanja wa shabaha vivae bila mjadala. Porini mambo hubadilika. Anayemfuata nyati kwenye kichaka kizito anatumia masikio kuliko macho, na huwezi kumwambia ayazibe kuanzia asubuhi kwa ajili ya sekunde moja ambayo hajui itafika lini. Vipo vifunika vya betri vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia kubwa. Ukimnunulia kila mtu katika msafara wako, nitanyamaza. Ila katika hesabu zenu za bajeti nimeona tiketi, leseni na viatu, na sijaona jozi ya mfuata nyayo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine, nalo silidharau. Mtu anayeogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa kishindo, risasi ikaenda tumboni badala ya moyoni, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mtu, yule mfuata nyayo akiwa wa kwanza. Hoja ni ya kweli. Lakini inachothibitisha ni kwamba teke lipunguzwe, na zipo njia za kulipunguza zisizomgusa jirani: mpira mzuri kwenye kitako, bunduki nzito kidogo, kitako kilichopimwa kulingana na mkono wako, na sailensa yenyewe, ambayo uzito wake unasaidia. Ikiwa lazima uwe na breki, ifunge ukiwa mazoezini, masikio yamezibwa, mpaka bega lizoee. Ukienda porini ifungue, kisha upime shabaha upya, kwa kuwa bunduki hubadilisha mahali inapopiga mara mdomo wake unapobadilishwa. Wengi husahau hilo wakaja kulaumu darubini.

Wapo watakaosema sailensa ni chombo cha majangili. Majangili wa faru wamewahi kuzitumia, kweli. Lakini mishale ya sumu ya Waata wa Tsavo, iliyowaangusha ndovu kwa vizazi, haikuwa na desibeli hata moja, wala hakuna aliyetunga sheria ya upinde uwe na kengele. Huko Norway na Finland wawindaji hununua sailensa kama vifaa vya kulinda afya. Dawa ya ujangili ni kujua kila kifaa kiko mikononi mwa nani, na kwa hilo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio kuwa silaha kivyake. Kwa hiyo kuwa na cheti cha bunduki hakukupi ruhusa ya sailensa. Iulize Bodi ya Leseni ya Silaha, kisha uwaulize Watanzania, kabla hujalipa hata ndururu. Wakikukatalia, mdomo mtupu na mpira wa kitako vinatosha, na wazee wa Norfolk waliwinda hivyohivyo.

Sailensa hii, kwa taarifa yako, ni kazi ya Hiram Percy Maxim, Mmarekani mhandisi wa magari aliyepewa hataza yake Machi 1909, wiki chache kabla ya Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, kushuka Mombasa na bunduki zake. Baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, na alizeeka akiwa kiziwi kwa sababu ya milio ya uvumbuzi wake. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA alipopiga kambi Dagoretti mwaka wa 1890, Maxim moja iliyochakaa ilikuwa katika msafara wake. Historia haikuandika lolote kuhusu masikio ya wapagazi waliotembea kando yake.

*Vipi Mjomba! Fundi wa Grogan alinitolea sailensa ya Subaru akaniwekea bomba wazi. Sasa gari linanguruma fiti, lakini watu wa ploti wamenishtaki kwa landilodi. Nifanyeje na majirani wenye wivu? – Turbo, Uthiru.*

Poa, Turbo. Umemsoma jirani yako wa Loresho hapo juu? Basi jibu lako umeshalipata, ila wewe hali yako ni mbaya kuliko yake. Breki ya bunduki angalau ina bega inalolifaa. Bomba wazi kwenye gari la kwenda kazini na kurudi huongeza nguvu kidogo sana, ambayo kwenye Waiyaki Way saa kumi na moja jioni utaitumia kufika mapema nyuma ya lori lilelile. Kilichoongezeka hasa ni sauti, na sauti hiyo huisikii kama wanavyoisikia wao. Uko ndani, vioo umevifunga, muziki umewasha, na bomba limeelekezwa nyuma, kwa mtoto wa mwenzako aliyelala orofa ya kwanza juu ya maegesho.

Utasema kelele huokoa maisha kwa kuwa watu hukusikia ukija. Mlio wa bomba hutupwa nyuma, na mama anayevuka barabara pale Kangemi yuko mbele. Wa kukusikia vizuri ni yule ambaye tayari umempita. Gari lina honi, na lina breki, ile ya magurudumu, na hii naipendekeza. Utasema pia kwamba matatu za 23 zinapiga muziki hadi glasi zicheze, na hakuna anayezishika. Hiyo ni hoja dhidi ya matatu, nami nitaipokea siku watakaponiandikia. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka wa 2009 zinaruhusu mtaani, makazini mwa watu, desibeli 35 pekee kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, na kanuni za trafiki zinataka kila gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Ni kweli usimamizi wake ni wa kubahatisha. Ndiyo sababu umeshtakiwa kwa landilodi, mtu pekee katika mfumo mzima anayefika bila kuitwa mara mbili, hasa tarehe tano.

Wivu, basi, ni maelezo magumu ya jambo jepesi. Watu wana usingizi. Ingekuwa wivu wangekuomba lifti. Grogan mwenyewe, yule Mwingereza ambaye mtaa wa fundi wako umebeba jina lake, alikuwa mwindaji aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, na hata barabara iliyokuwa na jina lake sasa inaitwa Kirinyaga. Rudisha gari hapo kesho, mchana, polepole kwenye gia ya chini. Fundi akikutolea kitu huwa hakitupi, hukiweka chini ya benchi kungoja mteja, na ile sailensa yako inaingia Probox kwa kuchomelewa kidogo tu. Mwahi kabla haijauzwa.