Pikipiki Kwenye Gunia: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Nakivale

Picha inaingia kwenye WhatsApp: Bajaj Boxer nyekundu, imeoshwa mpaka inang'aa, imeegeshwa mbele ya ukuta mweupe huko Kakoba, Mbarara. Chini yake dalali ameandika: "Injini haijafunguliwa, mwenyewe ni mwalimu, ana dharura, mwisho leo." Ukiwasikiliza madalali, pikipiki zote za Mbarara ni za walimu, wauguzi na mapadri, na hakuna hata moja iliyowahi kubeba gunia la mahindi.

Wewe uko Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, kilomita 60 hivi kutoka mjini Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kusafiri, na tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipopunguza mgao mwaka 2023 kazi imekuwa haina mjadala. Bodaboda moja kati ya Base Camp, Juru na Rubondo hulisha nyumba, hulipa karo na usiku humfikisha mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Pesa yenyewe ni ya likelemba (kikundi cha kuchangiana kwa zamu), ya maharage yaliyouzwa, au ya kaka aliyepelekwa Marekani akakesha kiwandani kuitafuta. Pesa ya jasho la watu wengi namna hiyo haiendi kununua mbuzi kwenye gunia. Kama ni lazima ununue kwa mbali, fuata hatua hizi bila kuruka hata moja.

1. Dharura mwachie mwenyewe

Muuzaji wa kwenye simu ana mgonjwa hospitalini, ana mnunuzi mwingine njiani, na jua likizama bei inapanda. Mpe pole, mwombee mgonjwa, kisha endelea taratibu. Kabla ya kujibu chochote, ulizia bei ya pikipiki mpya ya aina hiyo madukani, na bei ya iliyotumika kwa vijana wa stendi. Ukitajiwa nusu ya bei ambayo kila mtu anaijua, ujue nusu iliyobaki utailipa kwa fundi au kwa polisi.

2. Omba video, na uitaje saa

Picha inaonyesha rangi tu. Omba video ya asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huwaka kwa adabu mbele ya wageni. Mwambie aweke kwenye kiti karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, ili usije ukaletewa video ya pikipiki iliyouzwa mwaka juzi. Kiganja kishike injini kwanza, kisha apige kiki na kamera ielekezwe kwenye ekzosi. Moshi mweupe mwepesi unaopotea injini ikipata joto ni unyevu tu. Moshi wa bluu usiokoma maana yake oili inaungua ndani, na hapo unanunua ringi, pengine na pistoni. Moshi mweusi ni petroli inayozidi, na mara nyingi kabureta ikirekebishwa mambo yanatulia. Muuzaji akisema simu yake hairekodi video, mwulize ile picha nzuri aliipiga na nini.

3. Lipa macho kabla ya kulipa pikipiki

Hii ndiyo hatua kuu. Tafuta fundi wa Mbarara asiyemjua muuzaji, umlipe wewe mwenyewe, na umlipe hata akisema "usinunue". Fundi anayeletwa na dalali ni wa dalali. Binamu yako anayekaa Nyamitanga ni mtu mwema, lakini kama hajui valvu, kazi yake iwe kushika simu. Mtu wako wa karibu akijitolea kusimamia kila kitu peke yake na hataki fundi aje, kumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi aanze na fremu. Apige tochi chini ya tangi na kwenye shingo ya usukani, atafute alama za kuchomelewa na rangi iliyopakwa juu ya kutu. Tairi la mbele liinuliwe hewani, ageuze usukani polepole: ukikwama katikati, beringi zimekwisha. Avute cheni nyuma ya spoketi: ikiachana sana na meno, seti nzima inabadilishwa. Apitishe kidole kwenye shokapu za mbele aone kama zinavuja oili. Mwisho aiendeshe mlimani akiwa na abiria, maana hiyo ndiyo kazi itakayoifanya Nakivale. Kilomita zinazosomeka kwenye dashi asizitegemee, kwa sababu waya wa mita hukatwa kwa dakika moja.

4. Soma karatasi kuliko unavyosoma injini

Injini mbovu hutengenezwa. Pikipiki ya wizi haitengenezeki. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilinganishwe na logibuku, yaani hati ya umiliki, herufi kwa herufi, kisha namba ya injini vilevile. Ukiletewa fotokopi, uliza logibuku halisi iko wapi. Pikipiki nyingi za bodaboda zilinunuliwa kwa mkopo, na logibuku hukaa kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Ukinunua pikipiki ya namna hiyo umenunua na deni lake, na siku wakija kuichukua risiti yako haitakusaidia.

Jina kwenye logibuku liwe la mtu anayekaa mezani na kitambulisho chake. Mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, wa anakokaa muuzaji, upigwe mhuri, na kila upande uwe na shahidi. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Wengi wetu tuna majina matatu, na karani mmoja huyaandika hivi, mwingine vile. Herufi moja ikitofautiana leo, utaieleza kwenye kizuizi cha polisi miaka yote. Ulizia TIN, namba ya mlipakodi, mapema, kwa kuwa utaihitaji kubadilisha umiliki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Pesa iwe ya mwisho kutoka

Usitume "pesa ya kushikia". Mobile Money ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kumbembeleza aliyeichukua. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilingane na jina la logibuku. Likija jina la shemeji au la jirani, simama hapo hapo. Siku ya kulipa, mezani kuwe na mkataba wenye mhuri, logibuku, ufunguo na fundi wako, ndipo ubonyeze. Kiasi fulani mkubaliane kwa maandishi kwamba kitalipwa umiliki ukishabadilishwa.

6. Iletwe ikiwa imebeba fundi

Bima ya lazima ilipwe, oili ibadilishwe, kisha fundi aiendeshe mwenyewe mpaka Nakivale akiwa na kofia ngumu. Lami na vumbi la njia hiyo vitamwambia mengi ambayo uwanja wa muuzaji ulificha, na atakuambia kipi kitengenezwe kabla hujabeba abiria wa kwanza.

Ukimpata fundi mkweli, usimfiche. Mpeleke kwenye likelemba yako, mchangie nauli na ujira wake, na kila mwanachama anayetaka pikipiki amtumie yeye. Dalali huishi kwa kumkuta mnunuzi mmoja mmoja, gizani, akiwa na haraka. Kikundi cha watu ishirini chenye fundi wake, mkataba wake na subira yake hakimpi pa kushika.