Mti wa Desemba, Karo ya Januari

Kila Desemba matatu za kutoka Nairobi hutushushia hapa Githongo wageni, watoto wao na matakwa yao. Safari hii wapwa wangu wametazama filamu ya Wazungu wanaoingia msituni na msumeno, wakachagua mti, wakaufunga juu ya gari na kurudi nyumbani wakiimba. Sasa nao wanautaka wao. "Anko, kwani msitu si ule pale?"

Ni ule, sikatai. Unaanzia yanapoishia mashamba ya chai na kupanda Mlima Kenya. Lakini ni wa Serikali, na sheria ya misitu ya 2016 haina mzaha: kata mti mle bila kibali uone. Faini huanzia shilingi 100,000, au kifungo kuanzia miezi sita. Kwa pesa hizo ningempamba hata ng'ombe. Tena tuseme nimemkwepa askari wa misitu. Na ndovu je?

"Basi tukate shambani," shemeji akadakia. Huyu naye! Mshahara humfikia kwa simu, atajuaje kazi ya mti? Huku kwetu mti hukatwa shule zinapofunguliwa. Kila msaipresi pale mteremkoni una mwenyewe: ule mnene ni karo ya kidato cha tatu, na mwenye msumeno wa pawa ameshaupima kwa macho, ule mwembamba ni godoro na sare. Nikiukata leo usimame sebuleni wiki moja ukiwa umening'inizwa puto, Januari nitampeleka mwalimu mkuu puto?

Unabaki ua. Wakenya wengi ndiko wanakopata mti wao: tawi la msaipresi, aghalabu la ua wa jirani, linasimamishwa kwenye mkebe wa rangi uliojazwa mawe, linavishwa utepe na kumwagiwa pamba. Eti theluji! Ikweta inakatiza Meru hii hii. Anayetaka barafu aamke alfajiri kabla ya mawingu kufunga, aitazame bure huko juu karibu na Batian, mita 5,199. Hapana, lazima nitumwe dukani kununua pamba ya kufungia vidonda.

Na msaipresi wenyewe ni mgeni aliyetoka Meksiko, akaletwa na wakoloni kwa ajili ya mbao. Muuru, mti wetu wa asili, hakuna anayeufunga hata uzi.

Nimeamua. Serikali inataka miti bilioni 15 ipandwe ifikapo 2032, nami nimewapa watoto mche na jembe. Waupambe, waimbe, kisha waupande kabla udongo haujakauka. Dada yangu ameuliza ukikua utakuwa wa nani. Nimemjibu ni wa watoto, kila Desemba. Januari aniachie mwenyewe.