Nyama ya Kuosha

"Ngosha, hayo mawe umeyatoa duara gani?"

Nilikuwa nimechuchumaa uani kwetu Katoro, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji meupe kama maziwa, nafinyanga donge. Aliyeuliza ni mpangaji mwenzangu, kijana wa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ambaye kwake kila shimo la mgodi ni duara na kila kinachooshwa kwenye beseni ni dhahabu mpaka ithibitike vinginevyo. Nikamwambia naosha unga. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa upole, kama anasema na mgonjwa: "Kwani umechafuka?"

Kisa chenyewe kilikuwa cha aibu. Tarehe 23, mshahara uko mbali, na baba mkwe amepiga simu kutoka Kishapu kwamba kesho anapanda gari kuja kumwona binti yake. Baba mkwe wangu ni Msukuma wa ng'ombe. Nilimtolea ng'ombe 12, na mpaka leo anawataja kwa rangi zao, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Mtu wa namna hiyo humwekei mboga ya nsansa na mlenda ukamwambia karibu. Na kilo ya nyama buchani ilikuwa shilingi 12,000.

Wazo lilitoka kwa jirani wa mlango wa tatu, mama wa Kisabato asiyekula nyama. Kanda unga wa ngano, akaniambia, uache upumzike, kisha uoshe mpaka wanga wote utoke. Kinachobaki ni protini, na hiyo ndiyo nyama yako. Tena si uzushi wa juzi. Watawa wa Kibudha kule China wameila karne nyingi, na daktari John Harvey Kellogg wa Marekani, kabla hajakosana na kanisa la Kisabato, alikuwa akiwalisha watu wa mji wa Battle Creek nyama ya karanga na ngano iliyoitwa Protose. Nikajiona naingia kwenye historia.

Basi nikawa naosha. Donge likapungua, likawa kama yai, likawa kama kete, halafu halikuwepo. Nikapapasa chini ya beseni: maji. Mke wangu alipotoka jikoni akalichungulia beseni, akanichungulia na mimi.

"Unga umechota ndoo ipi?"

Ile ya bluu, nikasema. Umeme ulikuwa umekatika.

"Ya bluu ni muhogo."

Muhogo, kwa asiyejua, hauna kitu cha kubaki. Unauosha mpaka unakwisha wote. Kijana wa karasha akanipiga begani. "Usijali, ngosha. Duara la kwanza hukosa."

Nikaenda dukani, nikanunua ngano kilo mbili. Safari hii nilifuata masharti: nikakanda, nikaliacha donge nusu saa ndani ya maji, ndipo nikaanza kufinya. Mwanzoni lilitaka kunikimbia kama ndugu yake wa muhogo, likapasuka vipande vipande na maji yakawa mazito. Lakini nilipobadilisha maji mara ya tatu vile vipande vikaanza kutafutana. Vikashikana. Donge likawa la kijivujivu, lina nyuzi, ukilivuta linarudi kama bigijii iliyotafunwa na darasa zima. Kufikia hapo nilikuwa na watazamaji watano, wote watu wa mgodini, na kila mmoja ni mtaalamu. Mmoja akataka nitandike gunia kama wanavyofanya mwaloni wanapoosha dhahabu. Mwingine akanifokea nilipotaka kumwaga maji meupe.

"Marudio hayamwagwi! Acha yatulie."

Marudio, kwa wachimbaji, ni mabaki ya kuosha dhahabu yanayosubiri kuoshwa tena. Tukayaacha kwenye ndoo yatulie. Kwa heshima ya fani.

Donge nililolitoa lilizidi nusu kilo kidogo. Nililibeba jikoni kwa mikono miwili. Mke wangu, ambaye huko nyuma aliwahi kuuza dukani, akapiga hesabu bila kuacha kuchambua mchicha: ngano 4,400, maji ndoo saba kwa 300 kila moja, jumla 6,500. "Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ni 6,000," akasema. Ule muhogo hakuuhesabu, nadhani kwa huruma.

Jirani alikuwa amesema moto mdogo. Nakumbuka vizuri alivyosema, kwa sababu alirudia mara mbili. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, nami nikapepea mkaa mpaka ukawa mwekundu. Niliporudi kutoka kuoga, mfuniko ulikuwa sakafuni. Nyama ilikuwa imevimba mpaka imejifunua yenyewe, imejaa matundu, imekaa juu ya sufuria kama godoro la mtoto lililoanikwa. Nikalikatakata hilo godoro. Nikalikaanga kwa vitunguu, nyanya, tangawizi, na bizari ya nyama ya kutosha, na humo sufuriani nyama pekee ilikuwa kwenye hilo jina la bizari.

Baba mkwe alifika saa kumi jioni na kiroba cha dengu begani, kilo 20, alizokuwa amepatana na mnunuzi wa hapa Katoro. Mke wangu akapiga goti: "Mwadila, baba." Mimi nikatoa shikamoo yangu. Tukanawa.

Alimega ugali, akachovya, akaokota pande moja, akaanza kutafuna. Akatafuna. Nje kulikuwa na pikipiki inayopanda kilima. Ikapanda, ikaisha, bado anatafuna.

"Mkwe," akasema hatimaye. "Hii ni sehemu gani?"

"Steki, baba."

Akachukua pande lingine, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likabonyea, likarudi.

"Nimechinja ng'ombe tangu hujazaliwa. Sehemu hii sijakutana nayo." Kisha uso ukambadilika. "Haya ni mapafu. Ng'ombe 12, mkwe, halafu unanilisha mapafu?"

Nikabaki na njia mbili, na zote ni mbaya. Nikikubali ni mapafu, nimemtukana mkwe. Nikisema kweli, sijui nitakuwa nimefanya nini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufanya jambo hilo. Mke wangu akaniokoa, au akanimaliza.

"Baba, ni unga wa ngano. Ameuosha."

Mzee akautazama mkono wake wa kulia, wenye ugali. Akautazama wa kushoto, wenye lile pande.

"Kwa hiyo huu ni ugali," akasema polepole, "na mboga yake ni ugali."

Usiku akakaa uani na wale vijana wa mgodini, na nikasikia wakimsimulia kila kitu tangu muhogo, wakimwonyesha na ndoo, wakimfundisha marudio ni nini. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilibaki ndani.

Asubuhi akakuta sahani ya katlesi. Mke wangu alikuwa ameamka alfajiri, akazichemsha dengu alizoloweka jioni, akazitwanga na vitunguu, pilipili na kotimiri, akazikaanga. Mzee analima dengu kwenye mbuga nyeusi za Kishapu tangu ujana wake, anazipanda mvua ikielekea kukatika, lakini kwake dengu ni za kuuza tu: zinapimwa, zinapakiwa, nyingi zinaishia India, basi. Akala ya kwanza kimyakimya. Akala ya pili. Ya saba aliila akiwa amesimama.

"Sasa hii," akaniambia, "ndiyo nyama. Ulikuwa umeificha wapi?"

Nikatazama dari. Mke wangu akakumbuka ana kitu jikoni.

Mnunuzi alikuja saa tatu na mizani yake. Akakining'iniza kiroba, akasoma, akakishusha, akakining'iniza tena.

"Mzee, uliniambia kilo 20. Hapa zipo 18 na nusu."

Baba mkwe akanitazama. Akautazama mlango wa jikoni. Halafu akajipapasa tumbo.

"Nyingine," akasema, "ziko kwenye marudio."