Ombi la Raia Wema wa Sumbawanga kwa Kamishna Jenerali wa Magereza

Mheshimiwa Kamishna Jenerali,

Sisi raia wema wa Sumbawanga, tunaostahimili baridi ya uwanda wa Ufipa kwa jasho la halali, na ambao kwa rehema ya Mungu hatujapata kukamatwa, tunakuletea ombi moja dogo, nalo ni kwamba ukomeshe, bila ya ajizi, desturi ya kuwafundisha kazi vijana waliomo magerezani mwako.

Hatuna ugomvi na gereza lenyewe. Gereza la kilimo la Mollo ni jirani yetu, na ujirani huo haujatudhuru. Sheria ya Magereza ilitungwa mwaka 1967, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea na kutaka ilimu na jembe visitengane, na yatupasa kukiri kwamba wasia ule, baada ya kusahauliwa na shule nyingi za watu huru, umeendelea kutiiwa nyuma ya ukuta wa gereza. Kijana aliyeingia hajui kupanda mahindi kwa mstari hutoka anajua; aliyebahatika kufika chuo cha ufundi cha Gereza la Ruanda, Mbeya, hutoka ana kazi mikononi; na huko Karanga, Moshi, wafungwa hushona viatu ambavyo watu huru huvivaa kwa fahari. Yote haya tungeyastahimili lau maarifa hayo yangebaki ndani. Msiba ni kwamba kijana hutoka nayo.

Mfikirie kijana wa Laela, aliyefungwa kwa kuiba pikipiki, akatumikia kifungo chake chote kama hakimu alivyoamuru, kisha akarudi kwao. Zamani kijana wa namna hii alitupa raha, kwani akija kuomba kibarua tulimwambia hana ujuzi, naye akainamisha kichwa akaenda zake, na dhamiri zetu zikalala usingizi mnono. Sasa anakuja hali anajua kupima, kukata na kuunga mbao kuliko fundi tunayemlipa, na sisi tunalazimika kubuni udhuru mpya kila asubuhi. Mara kazi imekwisha, mara mama wa nyumbani hana raha akimwona uani, mara tumempa kazi hiyo mtoto wa shangazi, hata tumechoka, Mheshimiwa, na uchovu huu chanzo chake ni idara yako.

Tunazishukuru karatasi za afisi nyingine, ambazo hutubebea sehemu ya mzigo. Mwajiri humtaka kijana hati ya tabia njema kutoka Polisi, na akiikosa, hakuna mtu aliyemkatalia, bali karatasi ndiyo iliyokataa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 4 ni za vijana. Lakini fedha hizo hupewa vikundi, na sisi tunahakikisha kwamba hakuna kikundi kitakachomwandika. VETA nayo ilitutia hofu ilipoanza kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa, mpaka tulipong'amua kwamba mwenye cheti naye huulizwa alikojifunzia.

Tunajua utatuonyesha Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ambazo zataka elimu ya wafungwa vijana na ya wasiojua kusoma iwe ya lazima, ipatane na elimu ya nchi ili mtu aweze kuendelea nayo akitoka, na siku ya kutoka awe na nyaraka zake, nguo za kufaa na njia ya kumfikisha aendako. Ya nauli hatuipingi, maadamu basi linakwenda mkoa mwingine. Lakini lile jina! Mtu aliyekaa kifungoni miaka 27 akatoka na kuwa rais wa nchi yake asingefika mbali hapa kwetu, kwani angekwama katika afisi ya mtendaji wa mtaa, akingojea barua ya utambulisho. Na huko Luzira, Uganda, mwanamke aitwaye Susan Kigula, ambaye alikuwa amehukumiwa kifo, alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani, akaachiwa mwaka 2016. Hebu tafakari taabu ya mtaa utakaopata jirani aijuaye sheria.

Wapo wanaotuambia kwamba watu wa Sumbawanga, kuliko watu wote, ndio waliopaswa kumwelewa kijana huyu. Ni kweli kwamba mtu wa kwetu akifika Dar es Salaam na kutaja atokako, aliyekaa naye kwenye daladala husogea kidogo, huku akicheka na kuuliza kama alisafiri kwa ungo. Ni kweli kwamba tumelalamika miaka nenda miaka rudi kuwa tunahukumiwa kwa jina la mji wetu na si kwa matendo yetu. Na ni kweli kwamba hakuna hati wala kiapo kiwezacho kumtakasa mtu na tuhuma ya uchawi. Lakini hiyo ni dhuluma, kwa kuwa tunatendewa sisi.

Kadhalika Jumapili, kanisani, tunapofika kwenye ndama aliyenona, wapo miongoni mwetu wanaofuta machozi. Mwana mpotevu yule ana fadhila moja, nayo ni kwamba hukaa ndani ya Injili, haji Jumatatu kuomba kibarua.

Mzee mmoja tu alikataa kutia sahihi barua hii. Alitukumbusha malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo wahenga wa Ufipa waliyeyusha chuma, akasema kwamba jembe lilipotoka motoni halikuulizwa lilikuwa wapi, bali lilitiwa mpini likaenda shambani. Tulimshukuru kwa historia, tukaendelea na ajenda.

Fauka ya hayo, tuna haja nyingine, ambayo tungependa ishughulikiwe mapema kuliko ile ya kwanza. Tumeziona samani zinazotengenezwa magerezani, na kwa insafu hatuna budi kunena kwamba kwa uimara hazina kifani. Tunaomba tutengenezewe viti sita na kitanda kimoja, vyote vya mninga, na viletwe kabla ya tarehe 9 Desemba. Mwaka 2019, siku hiyo ya Uhuru, Rais aliwasamehe wafungwa 5,533, na huenda fundi wetu akaangukiwa na rehema kama ile kabla hajapiga vanishi. Akishatoka, Mheshimiwa, hatutakuwa na njia ya kumpa kazi.

Ni sisi watiifu wako,
Raia Wema,
Sumbawanga.